Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Mimi ni karani wa mji. Sina kura.
Nina kalamu, daftari, na kahawa iliyopoa.
Kazi yangu ni kuandika hoja ilikuwa ipi,
nani aliunga mkono, nani alipinga,
na taa zilizimwa saa ngapi.

Februari, Kansas, ukumbi wa kituo cha zimamoto.
Nje theluji imewafika magotini walioegesha mbali.
Hoja namba nne, baada ya bomba lililopasuka
na kabla ya mbwa wa Bwana Schrag:
kila kikao kifunguliwe kwa sala,
kwa jina la Yesu,
wote wakiwa wamesimama.

Tuliitikia kwa vichwa. Mimi pia.
Nani hapa hakubatizwa?
Nyuma kabisa, Bi Khamla Sivongsa
alikuwa ameshika bili yake ya maji.
Hakuna aliyegeuka.

Ndipo akainuka Elfrieda Goertzen,
miaka themanini na mmoja, goti moja la chuma,
aliyetufundisha zaburi
kabla hatujajua kufunga kamba za viatu.
Tulisubiri Amina yake.
Akasema, Hapana.

Akasema: Ghala la babu yangu mnalijua.
Mvua zikizidi, chini ya rangi nyeupe
njano huchungulia.
Mwaka wa kumi na nane walikuja usiku,
majirani, wawili wao wanakwaya,
na ndoo na brashi,
kwa kuwa hakununua hati za mkopo wa vita
na hakukubali kuapa.
Walipaka mlango. Walipaka ngazi.
Walimpaka ndevu.
Walianza kwa sala, alitusimulia.
Sala nzuri. Fupi.

Nikaandika:
*Bi Goertzen alieleza historia ya familia.*

Diwani Tillotson akakohoa.
Hayo ya zamani, Elfrieda. Hii ni sala yetu.
Naye: Na ile ilikuwa ya nani?

Kipasha joto kilinguruma.
Mtu alikunja karatasi, akaikunjua.
Bwana wangu, akasema, alihukumiwa na serikali.
Hajawahi kunituma nimtafutie kazi humo.
Katiba haimfungii Mungu mlango.
Inawafunga ninyi mikono, na mimi yangu,
tusije tukambeba Mungu kama ndoo.
Kisha akamwelekea Bi Khamla,
akamuuliza kama bili imerekebishwa.
Bi Khamla akasema bado.

Mkuki kwa nguruwe mtamu:
hilo halikuandikwa, lilinipita tu kichwani
nikihesabu mikono.
Mitatu kwa miwili. Imepita.

Labda kwa aibu, labda kwa wema
(namjua tangu utoto na bado sijui),
mwenyekiti akamwomba Elfrieda
atuongoze katika sala ya kwanza.
Alichukua koti. Alikosa tundu la mkono mara mbili.
Mlango ulijifunga nyuma yake taratibu,
kama milango ya zimamoto inavyojifunga.

Tillotson akaomba. Tukasimama.
Bi Khamla naye akasimama, bili mkononi,
akitazama miguu yetu
ajue tutakaa lini.
Nilisikia "Baba", halafu sikusikia tena,
kwa sababu dirishani, chini ya taa ya kuegeshea,
Elfrieda alikuwa ndani ya gari lake,
injini haijawashwa,
midomo inacheza,
na kioo kinafunikwa na ukungu kutoka ndani
mpaka uso wake ukatoweka.

Sijui alimwombea nani.
Huenda sisi. Huenda ni goti tu,
baridi ile na chuma.

Nikaandika:
*Bi Goertzen aliondoka saa moja na dakika kumi na nane jioni.*
Kalamu ikabaki juu ya karatasi.
Daftari hili lina safu ya hoja, safu ya kura,
safu ya gharama.

Kisha tukaendelea na mbwa.