Nusu ya Robo

Miaka ishirini na mbili, Wadi Kabir,
nimelala chali chini ya Landkruza za watu
nikizinyoosha miguu.
Mimi na Shibu wa Kerala na mashine ya mwanga mwekundu:
yeye anasoma tarakimu kwa Kiarabu chake,
mimi nakaza nati kwa Kiswahili changu,
na gari likitoka, mwenyewe huachia usukani
mpaka karibu na Ruwi, halafu hupiga simu kusifu.

Kwa hiyo Ghaniya, mtoto wa dada yangu,
alipokuja na gari lake la mbao,
refu kama kiganja na vidole, misumari minne ndiyo ekseli,
nikacheka.
Hili? Hili ni la kabla ya chai.

Nililinyoosha. Wallahi nililinyoosha.
Magurudumu yote manne yakagusa kioo cha meza kwa pamoja,
sawasawa kama maamuma kwenye safu.
Jumanne tukalipeleka Al Khoudh, ukumbi wa shule, siku ya majaribio.
Mteremko una kigongo cha reli katikati,
na gari langu nyoofu likashuka
likigonga kushoto, likigonga kulia,
kushoto,
kulia,
kama mgeni anayetafuta swichi gizani.
Likawa la nne. Kati ya manne.

Ghaniya hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.
Alisema tu, "Mjomba, linaogopa sikka."
Reli yeye huiita sikka; Kiswahili chake kinavuta upande,
nami kila siku namrudisha kwenye mstari.
Siku ile nikasahau.

Usiku tukang'oa mlango wa kabati la jikoni
(dada yangu alisema neno ambalo sitaliandika),
tukauinamisha juu ya kopo la maziwa ya unga,
tukapiga mstari kwa uzi na chaki.

Kwanza, gurudumu moja tukalinyima kazi:
la mbele kulia, likae juu, lisiguse kitu,
lining'inie tu kama mtoto wa bosi ofisini.
Misumari ya nyuma tukaipinda kidogo kwa koleo,
gurudumu likimbilie kichwa cha msumari, lisiukune mwili.
Chubwi mbili za risasi mgongoni.
Unga wa penseli katika kila tundu,
mpaka vidole vyetu vikawa vya wezi wa makaa.

Likabaki moja. Mbele kushoto.
Hilo ndilo la kusema na reli.

Ghaniya ameshika bisibisi, mimi nimeshika pumzi.
Robo mzunguko: gari likakata kona, likaporomoka ukingoni.
Rudisha.
Likaenda wima, la kiburi kama mimi, kisha likayumba.
Nusu ya robo.
Kila likishuka tunaweka kokwa ya tende pale lilipotokea,
na saa tano usiku kokwa zikaanza kukubaliana:
vidole vitano kushoto mwa mstari,
tena vitano,
tena.

"Sasa tumelipinda?"
"Tumelipinda."
"Ili lisiyumbe?"
Sikujibu. Nilikuwa nasikiliza.
Lilikuwa halisemi kitu lile gari,
ila sauti ya mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Alhamisi likaja la pili.
La kwanza lilikuwa la kijana wa Seeb
aliyegongelea misumari kwa kisigino cha kiatu;
nililigeuza nikalitazama chini muda mrefu,
gurudumu moja limekaa juu, la mbele limekwenda upogo,
naye wala hajui kwa nini.
Shibu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Kurudi nyumbani, taa za barabara, Ghaniya na kikombe chake cha plastiki,
Korola yangu ikavuta kulia
kama inavyovuta tangu mwaka juzi. Kinyozi hajinyoi.
"Mjomba, gari lako limepinda."
"Najua," nikasema.
"Linatafuta sikka."