Vidole Vinane

Kila Jumanne, kabla malori ya saruji hayajaamka,
nabeba ngazi, ndoo, jivu na ndimu tano
hadi uwanja wa wilaya, ng'ambo ya Mto Ma,
kumwosha babu yangu.

Bwana Tuyen wa idara ya bustani hajui kuwa ni babu yangu.
Hunilipa kwa saa. Sikumwambia.
Ningemwambia angenipa hotuba na shada la maua,
na mimi nataka ndimu.

Naanzia kichwani; njiwa hawana adabu kwa mashujaa.
Kisha kola, kisha kifua kipana cha shaba
ambacho hakuwa nacho: jela ya mlimani ilimrudisha
na mbavu za kuhesabika kama fito za ukuta.
Kisha mkono wa kulia, ulionyooshwa mashariki,
vidole vitano vimetimia, vimenona,
vinaonyesha duka la simu.

Vitano!
Siku ya uzinduzi Bibi Diep aliketishwa safu ya mbele,
kilemba cha mahameli, ua la plastiki kifuani.
Pazia jekundu liliposhuka alitazama, akatazama,
akaniinamia sikioni: "Mwanamume huyu simjui.
Wangu alikuwa na vidole vinane."

Viwili vilibaki kwenye machimbo ya Mfaransa,
chini ya jiwe lililokuwa liende kutengeneza barabara
ya kuteremshia mpira wetu, makaa yetu, mchele wetu.
Kwa vile vinane alishika chokaa
akaandika herufi ubavuni mwa nyati wa kulimia,
wakulima wakifuata nyuma matopeni, wakisoma.
Nyati akigeuka, sentensi inageuka.
Nyati akijitosa kidimbwini, somo limekwisha.
Ndivyo kijiji kilivyojifunza kusoma hati za kodi
na kukataa kutia dole gumba.

Kwa vile vinane alisukuma baiskeli hadi vitani,
usukani umerefushwa kwa mwanzi, magunia ya mchele huku na huku,
mwezi mzima wa utelezi, bila taa,
ndege za adui zikipekua giza juu yake.
Baiskeli ilirudi. Mdogo wake, Khoat, hakurudi.

Hayo yamo kwenye kibao. Nayapangusa vumbi.

Yasiyomo nayajua kwa sababu Bibi huongea usingizini.
Mwaka wa kugawa mashamba, ushindi ukiwa bado mbichi,
walimleta Mzee Quynh mbele ya watu, mikono nyuma.
Mwenye shamba, ndiyo. Na ndiye aliyemficha babu
miezi minne ndani ya ghala la mpunga
akimlisha uji kwa kijiko cha mkewe.
Wakauliza: nani anasema ana hatia?
Mikono ikainuka.
Mkono wa vidole vitatu nao ukainuka.

Tangu siku ile babu alikula kwa kushoto.

Alipokufa aliacha jembe, miwani ya kufungia kamba,
na daftari la madeni lenye mstari mmoja:
*Uji, miezi minne. Haujalipwa.*

Juzi msichana wa shule, barafu ikimchuruzika mkononi,
aliniuliza kutoka chini: "Huyu alipigania nini?"
Nilitafuta neno kubwa, nikalikosa.
Nikamwambia, soma mwenyewe hapo.
Akasoma kibao chote, kwa sauti, bila kukwama,
hata jina la Khoat, hata tarehe,
kisha akafuta mkono kwenye sketi na kwenda zake.
Mimi nikabaki ngazini, kitambaa kinadondosha maji.

Ndimu hula kutu taratibu.
Nang'arisha dole gumba. Chanda cha shahada. Cha kati.
Viwili vya mwisho huviruka, mwaka wa pili huu,
na vimeota kijani, kama mpunga wa wiki moja.

Bwana Tuyen alisimama chini, kiganja kipajini:
"Hapo juu mbona pamebaki?"

Nikamwambia ndimu zimeisha.