Hana

Kazi yangu ni kutafsiri, siyo kulia.
Nalipwa kwa dakika, hospitalini Glasgow,
na nimekula kiapo: nilichokisikia chumbani
nakiacha chumbani, kama koti la mgonjwa.

Nsimire alikuja na mimba ya miezi saba
na viatu vya kuazima, theluji imepenya hadi soksi.
Daktari akatoa sentensi ndefu yenye mabano.
Nikaikata vipande, kama muhogo:
virusi unavyo;
vidonge vimevilaza, damuni havihesabiki;
mtoto anaweza kupita katikati yake asiguswe.
Akauliza kwa Kiswahili chake cha Kalehe,
"Anaweza, ao atapita?"
Nikamgeukia daktari. Kiingereza chake chote
hakikuwa na jibu fupi kama swali.

Ombeni alizaliwa Januari.
Hajamaliza siku mbili, wakamtoa damu,
kichupa chembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
Kisha dawa ya maji, sirinji isiyo na sindano,
asubuhi na jioni. Muuguzi akasema sita,
nami nikasema kumi na mbili,
akanitazama kama niliyezidisha dozi.
Ikabidi nimweleze saa zetu,
kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likishachomoza.
Lakini mwezi ule Glasgow haikuwa na jua la kuhesabia.
Saa kumi na mbili giza, saa kumi na mbili giza.
Nsimire alichora ukutani kwa wanja
mstari mmoja kwa kila dozi iliyomezwa,
na usiku mtoto alipotapika niliamshwa na simu,
muuguzi upande huu, mama upande ule:
arudie, ao asirudie?

Simu nyingine ilitoka Bukavu. Mama mkwe.
"Mbona chupa? Ziwa lako limefanya nini?"
Alijibu: jipu.
Jipu hilo likakaa miezi minane.
Maziwa yake mwenyewe yalimlowesha blauzi
akiwa kwenye foleni ya maziwa ya kopo.
Hilo halikuhitaji mkalimani.

Nami nina kaburi Muheza,
halizidi mkeka wa kuswalia. Kibibi, binti wa kaka yangu.
Tulisema surua, tukasema jicho la mtu.
Hakuna aliyemtoa hata tone la damu akatazama.
Nsimire sikumwambia. Halikusemwa chumbani,
na lisilosemwa silitafsiri.

Wiki ya sita. Wiki ya kumi na mbili.
Kisha kungoja kingamwili za mama
zichuje mwilini mwake polepole,
kama rangi ya kanga mpya katika maji ya kwanza, ya pili, ya tano.
Karibu miaka miwili. Meno yameota,
na "hapana" anaisema kwa lafudhi ya Springburn.

Siku ile daktari alitamka neno moja.
Kamusi inasema: hasi.
Lakini hasi ni neno la hesabu, la deni la benki,
nani atamkabidhi mama kitu kama hicho?
"Iko nayo, ao?" Nsimire kashika kiti kwa mikono miwili.
Maisha yangu yote, hana lilikuwa neno la huruma:
hana baba, hana karo,
hana mbele wala nyuma.
Nikafungua kinywa, likatoka limevaa dhahabu.
"Hana."
"Rudia."
"Hana, Nsimire. Hana kabisa."

Fomu yangu ya malipo: dakika kumi na tisa.
Maelezo ya ziada: hakuna.

Jumamosi, dukani kwa Mnigeria,
nilimkuta akibonyezabonyeza ndizi.
Kiapo ni kiapo; tukapishana kama tusiojuana.
Ombeni ndiye hakuapa.
Aliniinulia biskuti, nusu imeshaliwa,
nusu imelowa mate,
nami nikainama, nikaila.