Mirihi Ilikuwa Marafa

Nimeazima deki kwa fundi wa Barani,
nimepangusa kanda sita kwa pamba na spiriti,
na usiku huu, feni ikikwaruza juu yangu,
nazitazama upya filamu za Mselem Famau na Kitsao Ngala,
mmoja mpiga picha za harusi, mmoja mchomeleaji wa mageti,
waliotaka kufika Zohali
kabla lami haijafika Gongoni.

Niseme kweli: ya kwanza ni mbovu.
Roketi ni ule mnara wa Mreno ufukweni,
msalaba wake umevikwa ndoo ya bati,
na inaporuka, hairuki:
kamera ndiyo inayochuchumaa.
Usukani ni mbuzi ya nazi.
Mimi, miaka tisa, nimejitanda chandarua,
ndiye mtoto wa Zuhura,
na jogoo anawika mwezini
mara mbili.

Ya pili inafunguka kwa utenzi,
sauti ya Mselem, ina mafua:

    Nyota nazo zina njia,
    wala hazina udhia,
    mimi ndimi nazijia
    na funguo mfukoni.

Kisha saa nzima watu wanabishana juu ya mafuta.
Kitsao mwenyewe alisinzia siku ya uzinduzi,
kichwa begani mwa mgeni rasmi.

Ujanani niliwacheka.
Nilirudi kutoka Nairobi na cheti cha uhariri,
nikakaa barazani kwa Mselem
nikiyachambua makosa kama mawe kwenye mchele:
kivuli cha kipaza sauti, saa ya mkononi katika mwaka elfu tatu,
nguo za mamake Kitsao zikianikwa nyuma ya sayari.
Nikasema, makuu hayamfai mwenye bajeti ya vitumbua.
Mselem akaniongezea kahawa. Basi.

Ya tano ndiyo iliyopata pesa,
za Mtaliano mwenye hoteli.
Taa za kweli, moshi wa kweli, suti zilizoshonwa Mombasa.
Haina jogoo. Haina nguo kambani.
Haina kitu.
Kitsao hakuchomelea hata msumari, jina lake halimo,
na tangu hapo hawasalimiani, hata msibani.

Lakini ya tatu, jamani, ya tatu!
Ile iliyozomewa, ya saa tatu kasorobo,
tuliyoiita dawa ya usingizi.
Dakika ya mia na kumi na mbili
nimesimamisha, nimerudisha, nimesimamisha.
Sidi Mwaringa, karani wa posta, ndiye rubani.
Ametoka Mirihi, yaani Marafa, yale magenge mekundu,
amepitia mwezini, yaani mashamba ya chumvi,
meupe hadi macho yanawasha,
anafika Malindi miaka mia nne baadaye
na ufunguo ule wa utenzi.
Anauchomeka. Hauingii.
Mlango ni mwingine.
Hapigi kelele. Muziki hakuna, kinanda kilikuwa rehani.
Anautoa, anaupuliza, anaufuta kwa ncha ya leso,
anajaribu tena
kama mtu aliyetoka dukani mara moja.
Ndani sauti inauliza: Nani?
Naye anafungua mdomo,
na kwa dakika nne nzima
Mselem hakati.

Nani aliwafunza hili?
Ya nne hailijui. Ya sita hailikumbuki.
Pengine betri ya kuzimia kamera ilikwama.
Pengine waliona, wakaogopa kugusa.
Mimi na cheti changu ningekata sekunde ya tisa.

Deki imeanza kutafuna ukanda.
Naunasua, nauzungusha kwa kalamu, polepole,
mkono mwingine umeshika simu,
na Kitsao, aliyeamshwa saa saba za usiku,
anasikiliza mpaka mwisho.
Anakohoa. Kimya.
"Ule ufunguo," anasema, "ni wa karakana yangu.
Nililala nje siku ile.
Mpaka leo hajaurudisha.
Muulize."