Ngamia Hapana

Daktari wa Rasht, mji wetu ambao nguo hazikauki kambani,
aliniandikia kwenye karatasi ya rangi ya waridi:
miezi saba, safari ruhusa,
maji kila saa, kivuli tangu saa nne hadi saa kumi,
na chini kabisa, kwa wino aliourudia mara mbili,
ngamia hapana.

Ngamia hapana, akanikumbusha Kiyumars ndani ya basi,
akanikumbusha tena tuliposhuka Varzaneh,
kana kwamba nimeshamfunga tandiko.

Bibi Khavar, mwenye nyumba ya udongo tuliyopanga,
hakuniuliza jina. Alilitazama tumbo, akahesabu kwa vidole,
akazidisha mwezi mmoja, akakataa kusahihishwa.
Akanipa mto wa pili wa mgongo
na chupa ya maji yenye nanaa.

Tulitoka alfajiri, mchanga bado umeshika baridi ya usiku.
Kilima kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kimevimba upande mmoja,
kimeegemea upepo, kimechoka.
Mwenzangu huyo, nikasema.
Kiyumars akapanda: hatua mbili juu, moja chini,
hadi akawa punje ya jira.
Huko kileleni akapunga mikono, akapiga ukelele,
na upepo ukaniletea mkia wa neno tu: "...geona!"

Nilibaki chini, juu ya mkeka wa kuazima,
miguu mbele, mikono nyuma.
Nilikuwa na hasira kidogo, nisikufiche,
wewe uliyemo humu ninayekusimulia.

Ndipo akapita dundu.
Mweusi, na shughuli zake, akiushona mchanga
mshono mwembamba, pande zote mbili sawa,
hadi akafika kwenye kivuli cha goti langu.
Akasimama. Akafikiri. Nikausogeza mguu kumpisha,
hakushukuru.
Baada ya hapo macho yakafunguka:
vidole vitatu vya ndege aliyeruka ghafla,
mburuzo wa mkia wa mjusi,
na kitundu kisichozidi kidole, mdomoni mwake
utando wa buibui wenye tone moja la umande.
Umande, huku!

Saa tatu Bibi Khavar akaja na pikipiki ya magurudumu matatu,
akatubeba polepole, akikwepa kila shimo
na kulitukana kila shimo,
hadi kwenye kinu ambako ngamia, kafungwa macho,
alizunguka akisaga ngano asiyoiona.
"Na huyu?"
"Huyu mguse shingo. Basi."
Nikamgusa. Alinuka unga na jua.

Adhuhuri nililala, kama ilivyoandikwa.

Jioni tukateremka kwenye mfereji wa chini ya ardhi,
ngazi ishirini na sita, nikipumzika kila ya tano,
mkono ukutani, Kiyumars mbele yangu akishuka kinyumenyume
kama mtu anayehamisha kabati.
Maji yalitoka milima ya mbali,
kwa njia iliyochimbwa na watu waliokwisha kufa
bila kujua kwamba siku moja nitakuja na miguu iliyovimba.
Nikaitia.
Ukapiga teke. Ukapiga tena, kisigino hasa, chini ya ubavu.
Kiyumars akaweka kiganja, ukanyamaza kimya.
Ndiyo tabia yako.

Usiku, juu ya dari, alinieleza alichokiona kileleni:
ziwa la chumvi, jeupe, mbali, halina ukingo.
Alieleza vibaya, maskini, akitumia mikono gizani.
Nami nikamweleza dundu.
"Dundu gani?" akauliza, na kabla sijajibu akakoroma.

Sasa tuko nyumbani na mvua haijakatika tangu Jumanne.
Jana Bibi Khavar alipiga simu,
hakusalimu, alisema tu: umeshaingia wa tisa, jiandae.
Nikamwambia ni wa nane. Akakata simu.
Na kama yeye ndiye aliyehesabu sawasawa?
Nepi zako kumi na mbili ziko kambani,
zinadondosha maji.