Karani Hafuti

Nyuki wa kwanza alimdunga mwezi Mei,
puani, chini ya mizinga ya baba yenye vibao vilivyochorwa watakatifu.
Brin alipiga chafya mara mbili, akajilaza kwenye majani.
Tulicheka. Baba akasema, huyu sasa ni mfugaji kamili.

Hatukujua kwamba ndani yake mna karani.
Kimya kimya, wiki nzima, mwili uliandika jina la sumu ile,
ukafua kingamwili zenye umbo la herufi Y,
ukazipachika juu ya seli nono za mapafu
kama mitego juu ya ghala la baruti.
Kisha ukangoja.

Julai. Milindeni imechanua Radovljica yote.
Nyuki mmoja.
Sumu ikashika kingamwili mbili kwa mpigo,
kama mtu anayegusanisha nyaya;
kalsiamu ikafurika ndani ya seli,
vifuko vikamwaga vilichoficha:
histamini.

Kwa mbwa, ini ndilo hufunga mlango kwanza.
Damu ikakwama humo, fizi zikawa chokaa.
Halafu mapafu.

Miaka kumi na mmoja, kule Ljubljana,
nimepima leukotrieni katika mirija isiyozidi kidole.
Najua inachongwa kutoka mafuta ya utando wa seli,
najua kimeng'enya kinachoichonga,
najua uzito wake, na jinsi inavyokaba njia za hewa
polepole, bila kuachia, histamini ikiwa imeshachoka.
Sikuwahi kuisikia.
Ina sauti. Ni mluzi mwembamba,
mbwa wa kilo kumi na nane
akivuta dunia nzima kupitia tundu la sindano.

Baba aliendesha gari akiwa bado na wavu usoni.
"Fanya kitu, Jerca. Si wewe msomi?"
Nikasema: adrenalini.
Katika maneno yangu yote, hilo tu ndilo lilikuwa na mikono.

Zdenka hakuuliza. Alichoma pajani, akahesabu kwa midomo.
Misuli ikalegea uzi kwa uzi,
maghala yakajifunga.
Brin akakohoa, akamtapikia baba kiatuni,
na baba akasema asante. Kwa nani, sijui.

Sasa anakoroma kando ya jiko.
Nimeegesha sikio ubavuni mwake:
hewa inaingia, hewa inatoka, basi.
Ila karani hafuti.
Nje gizani baba ana tochi, anahesabu hatua
kutoka mlangoni hadi ng'ambo ya kijito,
anatafuta watakatifu wake wahamie wapi.