Mama Nabintu Aniuliza Kuhusu Mashine

Usiku wa kuamkia upasuaji alinishika mkono wa koti.
"Wewe ndiye wa mashine? Inafanya nini?"
Nikamwambia: inafyonza damu inayomwagika kifuani,
inaizungusha, inaiosha kwa maji ya chumvi;
iliyo nzito inabaki, nyepesi inamwagwa,
kisha unarudishiwa iliyo yako.

Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Mwanangu, kazi hiyo naijua."
Miaka ishirini na sita Kamituga,
kinu cha chuma katikati ya magoti,
akitwanga mawe ya watu hadi yawe unga,
akizungusha karai mtoni, matope yakienda zake,
chembe ya njano ikikaa chini, haina haraka.
"Ila sisi tukishaosha, mwenye shimo huchukua."

Bukavu mvua ilinyesha hadi alfajiri.
Udongo mwekundu wa Kadutu ulishuka na ngazi za watu,
ukaingia ziwani, hakuna aliyeuzuia.
Uani wakwe zake watatu wamekunja mikono ya shati,
maana huku kwetu mgonjwa haingii peke yake,
huingia na damu ya ukoo.
Mushagalusa, mdogo wao, alikuwa amekula ndizi mbili
apate nguvu ya kutoa.

Saa tatu na robo kifua kilifunguka.
Sikutupa hata shashi. Niliikamua
kama tunavyokamua kitambaa mwezi wa saba,
bomba zikiwa kavu mtaa mzima.
Umeme ukakatika. Bakuli likalegea.
Nikahesabu: moja, mbili,
nane,
jenereta ikakohoa, ikashika.

Nilimrudishia mifuko miwili na nusu.
Haikutosha. Siandiki uongo:
tulifungua mmoja wa friji,
wa mtu nisiyemjua, namba tu na tarehe.
Lakini tulikuwa tumeweka sita.
Na kabla ya jioni mmoja kati ya ile mitano
ulishuka wodi ya wazazi,
kwa msichana wa Katana aliyekuwa akivuja kimya kimya.
Mushagalusa alirudi nyumbani na damu yake yote,
amenuna kidogo.

Siku ya nne Mama Nabintu aliomba kuliona karai.
Nikamletea jipya; lile lake limekwisha kuchomwa.
Akaligonga kwa ukucha. Plastiki.
Akaliinamisha kuelekea dirishani,
jinsi wanavyoinamisha wao,
akachungulia ndani kwa muda mrefu
kama kuna kilichosahaulika.